Jozi Moja, Darasa Zima: Mjadala wa Viatu vya Magurudumu Igunga

Hoja iliyo mezani ni hii: fundi wa Igunga akitaka kutengeneza viatu vya magurudumu, atengeneze vinavyorefuka na kufupika ili vimkae mtoto anayevaa namba 30 na dada yake anayevaa namba 38, au kila mguu aukatie chake?

Sauti mtakazozisikia nimezipanga mwenyewe. Hakuna hata mmoja kati yao unayeweza kwenda kumuulizia sokoni ukaonyeshwa, lakini ukikaa kijiweni karibu na stendi tangu asubuhi hadi magari ya jioni yapite, hoja zao zote utakuwa umezisikia. Kuna kijana mchomeleaji, mzee anayekata katambuga za tairi, mama wa viatu vya mitumba, mwalimu wa shule ya msingi na tabibu wa viungo. Mimi ndiye mwenyekiti, na sitajidai kuwa sina upande.

Msomaji wa Dar es Salaam atataka kwanza kujua kwa nini Igunga, wilaya ya pamba, mpunga na ng'ombe, ambako ukiiacha lami ya kutoka Singida kwenda Nzega unakanyaga udongo mweusi wa mbuga: masika unavimba na kunasa, kiangazi unapasuka nyufa za kumeza kisigino. Hilo tutalijibu tukifika kwenye sakafu. Mchomeleaji ameshasimama.

MCHOMELEAJI: Shikamooni wazee wangu. Mimi sina maneno mengi. Nina bamba la chuma la milimita tatu, nina grenda, nina mashine ya kuchomelea. Nakata vipande viwili, cha mbele na cha kisigino, kimoja kinalala juu ya kingine. Katikati natoboa mfereji, napitisha bolti. Ukilegeza vinaachana, ukikaza vinashikana. Chini ya kila kipande ekseli na magurudumu mawili. Beringi natumia 608, ile ndogo yenye tundu la milimita nane. Toka namba 30 mpaka 38 ni sentimita tano na kidogo. Mfereji wa sentimita sita, kazi imekwisha.

MZEE WA KATAMBUGA: Marahaba, mwanangu. Hiyo sentimita tano umempima nani ukaipata?

MCHOMELEAJI: Sijampima mtu, mzee, ni hesabu. Namba hizi za Ulaya zinapishana kwa theluthi mbili za sentimita. Nane mara theluthi mbili ni tano na theluthi.

MZEE WA KATAMBUGA: Umepima namba, basi. Mimi mteja akija namwambia weka mguu juu ya tairi. Nazungusha chaki, nakata, napiga mikanda na misumari, anaondoka nazo miguuni. Sijawahi kumuuliza mtu namba yake. Wafugaji wanaotoka huko Wembere wengine hata hawaijui, na katambuga zao zinawakaa. Wewe unataka kutengeneza kitu cha kila mtu, na kitu cha kila mtu hakimkai yeyote.

Kabla kijana hajajibu, nimtetee kidogo. Alichokieleza hakikuanzia kichwani mwake, lakini kimewahi kufanya kazi. Watoto wa miji ya Marekani na Ulaya waliteleza kwa vizazi kadhaa juu ya mabamba ya chuma ya namna hiyohiyo, yaliyorefushwa kwa bolti ya katikati na kubanwa kwenye kiatu cha kawaida kwa vidole viwili vya chuma mbele na mkanda wa ngozi kifundoni. Ufunguo wa bolti mtoto aliuvaa shingoni kwa kamba. Jozi moja ilimtumikia mkubwa na mdogo wake bila ugomvi wa namba. Kilichoviharibia soko ni raba. Vile vidole vya chuma vilihitaji kiatu chenye soli ngumu ya ngozi iliyotokeza ukingo pembeni. Watoto walipoanza kuvaa raba za soli laini, chuma kilikosa pa kushika, na kiatu kikawa kinachomoka katikati ya mwendo. Kwa hiyo kijana anapotuambia habari za mfereji na bolti, ajue kwamba upande wa chini ulishatatuliwa zamani. Kilichobaki ni namna ya kuushika mguu kwa juu.

MAMA WA MITUMBA: Mwenyekiti, na mimi niseme kuhusu hizo namba maana ndizo zinazonilisha. Namba ni uongo mtupu. Nafungua belo, natoa 36 ya kampuni hii na 36 ya ile, naziweka soli kwa soli, moja imeipita nyingine kidole kizima. Nyingine zina namba za Kiingereza, nyingine za Kimarekani, nyingine zimefutika. Akina mama wa vijijini wameshajua. Mtu anakuja na kijiti alichompimia mtoto nyumbani, anakiingiza kwenye kiatu. Kikicheza kidogo, anachukua.

MZEE WA KATAMBUGA: Kwa nini kicheze?

MAMA WA MITUMBA: Kwa sababu mtoto anakua, baba. Hakuna mzazi hapa anayenunua kiatu cha shule kinachomtosha mtoto leo. Ananunua kilichozidi namba mbili, mbele anajaza gazeti au kitambaa. Mwezi wa sita anapunguza gazeti, mwakani analitoa lote. Hicho ndicho kiatu chetu kinachorekebishika, na hatukuwahi kumlipa mtu kukibuni.

Hapa watu walicheka, na mimi nilicheka, ila Mama alikuwa ameigusa pointi kubwa. Ada imeondolewa shule za msingi na sekondari za serikali, lakini kiatu cheusi cha shule bado kinatoka mfukoni mwa mzazi, na mguu wa mtoto wa shule ya msingi unaongezeka karibu sentimita moja kwa mwaka, yaani namba moja na nusu. Namba mbili za gazeti ni sentimita moja na theluthi, na hiyo ni akiba ya mwaka mmoja na miezi michache. Hesabu ya akina mama imenyooka.

Wazo hilihili ndilo lililozaa kiatu kilichotangazwa sana duniani miaka ya karibuni. Mwaka 2007 kijana wa Kimarekani, Kenton Lee, akiwa katika kituo cha watoto yatima Nairobi, alimwona msichana ambaye viatu vyake vilikuwa vidogo hata vimekatwa mbele vidole vitokeze. Baadaye shirika lake la huko Idaho, Because International, likatoa sandali iitwayo The Shoe That Grows. Ina vifungo vya kubofya mbele, pembeni na kisigino, inapanda namba tano, na soli yake ni mpira mgumu wa aina ya tairi. Ni kazi nzuri, na nimeitaja kwa sababu ilianzia kwetu Afrika Mashariki. Mzee ana neno juu yake.

MZEE WA KATAMBUGA: Nimeonyeshwa picha yake kwenye simu. Sina ugomvi nayo. Sandali iko wazi mbele, ikizidi kidole kimoja hakuna aliyekufa. Lakini nikuulize, kijana. Mtoto akitembea na kiatu kilichojazwa gazeti anaburuta mguu tu. Akiwa juu ya magurudumu mguu ukicheza ndani, nani anaendesha, yeye au chuma?

TABIBU: Chuma, mzee. Na ndiyo maana mimi nimekuja.

MWALIMU: Ngoja kwanza, tabibu, samahani. Kuna jambo la kutangulia. Mzee atasema, na asiposema yeye atasema mwingine, kwamba watoto wanaokuja shule na ndala, wengine peku, hawana haja ya magurudumu. Tulijibu hilo au tulifunge?

MZEE WA KATAMBUGA: Umelisema wewe, mwalimu, na ndilo lililonileta. Wazee wetu walibeba frasila mbili begani toka Bagamoyo mpaka Tabora, wakapita Ugogo, wakapita Mgunda Mkali wenye miiba, wengi wao peku. Aliyebahatika alijifunga kipande cha ngozi ya ng'ombe chini ya mguu. Leo nchi ileile, mtoto wake hana kiatu, ninyi mnamchongea magurudumu!

Frasila mbili ni kama kilo 32. Njia kuu aliyoitaja ilipita kusini ya Igunga, kwa Tura hadi Tabora, na Wanyamwezi ndio waliojaza misafara yake hadi reli ilipofika Tabora mwaka 1912. Na njia hiyo ilihusika na jambo moja la miguu ambalo ni haki likumbukwe katika mjadala wa viatu. Funza wa kwenye vidole hakuwa mdudu wa kwetu. Alishuka Angola mwaka 1872 kwa meli iliyotoka Brazili, akavuka bara zima ndani ya nyayo za wapagazi na askari wa misafara, na kabla karne haijaisha alikuwa ameshafika pwani ya Bahari ya Hindi. Nyayo peku zilimsafirisha bure kutoka Atlantiki. Kwa hiyo mzee anaposema kiatu kwanza, simbishii. Ila sioni kwa nini mtoto aliyepata katambuga akatazwe kucheza hadi kila mtoto wa wilaya apate.

MWALIMU: Na mimi ndivyo ninavyoona. Watoto wangu wanakimbiza tairi kwa fimbo, wanateleza mteremkoni kwa kipande cha dumu, wanatengeneza magari ya mbao yenye beringi chakavu. Hamu ya gurudumu wanayo, hatuwapi sisi. Kwenye UMITASHUMTA, mashindano ya shule za msingi, hakuna mchezo huu, na sidhani utakuwepo kesho. Mimi natafuta kitu cha kipindi cha michezo, na cha mizani ya mwili. Haya, tabibu, karibu.

TABIBU: Wabeja, mwalimu. Nianze na mguu wenyewe. Tangu miaka ya 1920 wauza viatu wa Marekani wanatumia bamba la kupimia lililobuniwa na Charles Brannock wa mji wa Syracuse. Lile bamba halichukui kipimo kimoja, linachukua vitatu: kisigino hadi ncha ya kidole, kisigino hadi kwenye fundo la kidole gumba pale mguu unapokunjika, na upana. Watoto wawili wenye urefu sawa, fundo la mmoja linaweza kuwa mbele kuliko la mwenzake. Kwenye viatu vya kawaida hilo ni suala la raha. Kwenye magurudumu ni suala la kuanguka.

MCHOMELEAJI: Kivipi?

TABIBU: Unaposukuma, uzito wote unapita kwenye fundo hilo. Ekseli ya mbele inatakiwa ikae chini yake au karibu sana. Fundo likiwa nyuma mno ya ekseli, mtoto anasukuma hewa. Likiipita ekseli, akiinama tu anaanguka kifudifudi, kiganja kinatangulia, na mifupa ya kifundo cha mkono ndiyo inayovunjika.

MCHOMELEAJI: Lakini ekseli yangu imechomelewa kwenye kipande cha mbele. Kipande kikisogea na ekseli inasogea. Siyo kama vile viatu vya dukani ambavyo ukibonyeza kitufe inasogea pua peke yake, magurudumu yanabaki palepale.

TABIBU: Hapo umewashinda wa dukani, sikupingi. Umbali kati ya ekseli mbili unakua pamoja na mguu. Mdogo anapata umbali mfupi anageuka kirahisi, mkubwa anapata mrefu anatulia. Lakini wewe kipande cha mbele unakipanga kwa kutazama nini?

MCHOMELEAJI: Kidole. Mbele naweka kizuizi cha chuma, kidole kikigusa basi.

TABIBU: Ndipo unapokosea. Kutoka kisigino hadi fundo ni kama asilimia 70 ya mguu, iliyobaki ni vidole. Kati ya namba 30 na 38 mguu umeongezeka sentimita tano na theluthi, lakini fundo limesogea mbele sentimita tatu na robo tatu hivi. Zile zilizobaki, zaidi ya moja na nusu, ni urefu wa vidole. Ukifuata kidole, ekseli yako itakwenda mbele tano na theluthi, na kwa yule mkubwa itakuwa imelipita fundo kwa sentimita moja na nusu. Kwa mdogo umepatia, kwa mkubwa umekosa.

MZEE WA KATAMBUGA: Sasa kijana, hicho kizuizi cha kidole ni cha nini? Katambuga ina kizuizi cha kidole? Mkanda mmoja unapita juu ya mguu hapo hapo anaposema tabibu, mwingine unazunguka kisigino. Vidole vinatokea vinavyotaka. Aliye na vidole virefu na aliye na vifupi wote wanatembea.

Nakiri mjadala huu niliuanzisha kwa ajili ya dakika hii. Wachongaji wa viatu vinavyorekebishika duniani kote wamefukuzana na urefu, kwa kuwa urefu ndio ulioandikwa kwenye boksi. Katambuga haijui urefu. Inaushika mguu sehemu mbili zinazofanya kazi, kisigino na fundo, na kilichotokeza mbele ya hapo inakiacha. Ukichukua kanuni hiyo ukaipeleka kwenye bamba la mchomeleaji, mambo mawili yanatokea kwa mpigo. Ekseli inakaa chini ya fundo kwa kila mtoto, awe na vidole vya aina gani. Halafu mfereji wa sentimita sita unapungua kuwa wa sentimita nne, na bamba linapata nguvu mahali ambapo lilikuwa dhaifu zaidi.

Kwa maana udhaifu upo, na kijana hakuutaja. Bamba linalobebwa na ekseli mbili hukunjika katikati, na katikati ndipo alipotoboa mfereji. Mtoto wa kilo 40 akiruka akatua, chuma cha milimita tatu kilichotobolewa kitapinda mara ya kwanza, na baada ya mara chache kitachanika. Tulimuuliza.

MCHOMELEAJI: Hapo natumia skwea paipu. Ndogo inaingia ndani ya kubwa, bamba linakaa juu yake. Paipu haipindi kirahisi. Na badala ya mfereji natoboa matundu, moja kila sentimita, napitisha pini ya kuchomeka.

MWALIMU: Pini! Hicho ndicho nilichokuwa nasubiri kusikia. Nisikilizeni. Kipindi ni dakika 40. Nikiwa na jozi sita na darasa zima linasubiri zamu, na kila mtoto anahitaji spana, bolti na mtu wa kukaza, kipindi kimekwisha hakuna aliyeteleza. Matundu matano, kila tundu na rangi yake. Mtoto apimwe mara moja mwanzo wa muhula, ajue yeye ni wa kijani. Akifika zamu yake anachomeka pini kwenye kijani, anakaza mikanda, anakwenda.

MAMA WA MITUMBA: Hapo sasa tumefika. Maana mimi nilikuwa najiuliza nani atakayenunua. Mzazi wa hapa hanunui magurudumu ya mtoto mmoja, hata yakirefuka mpaka aoe. Shule inaweza. Kijana mwenye ghala na jozi kumi anaweza, akakodisha kwa saa siku za sikukuu.

Historia iko upande wa Mama. Kiatu cha magurudumu kilizaliwa Ulaya kama pambo la mtu mmoja. John Joseph Merlin, fundi wa Kibelgiji aliyehamia London miaka ya 1760, anasimuliwa kuwa aliingia kwenye karamu juu ya magurudumu yake huku akipiga fidla, akashindwa kusimama wala kugeuka, akaishia ndani ya kioo cha bei kubwa. Karne nzima ikapita bila jibu la namna ya kugeuka. Jibu lilikuja mwaka 1863 kutoka kwa James Plimpton wa New York: kati ya bamba na ekseli aliweka mpira, ili mtu akilalia upande mmoja ekseli igeukie upande huo. Lakini kuna alilolifanya Plimpton ambalo kwangu linafundisha zaidi ya ule mpira. Viatu vyake hakupenda kuviuza. Alivikodisha, akafungua kumbi zenye sakafu laini, na watu wakalipia kuteleza. Aliona mapema kwamba kifaa hiki mtu hukihitaji kwa saa moja, akakirudisha, akakichukua mwingine mwenye mguu mwingine. Nairobi leo ni vivyo hivyo. Vijana wanaoteleza mwisho wa wiki pale Sunken Car Park katikati ya jiji hufundishana na kukodishana.

MCHOMELEAJI: Huo mpira wa Plimpton, mwenyekiti, ni bushi. Bushi ya shokapu ya pikipiki ninayo hapa, chakavu, natupa kila wiki.

MZEE WA KATAMBUGA: Usitupe tena. Na magurudumu?

MCHOMELEAJI: Nilifikiria mbao. Tabora ni nchi ya mninga, tunachonga kwenye mashine ya kukereza, tunazungushia mpira wa tairi. Kule Goma, Kongo, wanafanya hivyo kwenye chukudu, zile skuta zao za mbao, na zinabeba magunia ya viazi.

TABIBU: Chukudu ina magurudumu mawili makubwa na mtu anakanyaga chini. Kwenye gurudumu la sentimita sita, mpira ukibanduka upande mmoja mtoto ameshalala. Kama ni mbao, iwe mbao tupu, ngumu, iliyokerezwa vizuri, na sakafu iwe ya ndani. Kwa nje tafuta magurudumu yaliyotengenezwa kiwandani. Hilo usilibanie.

MWALIMU: Na juu ya bamba? Watoto wengine watakuja na raba, wengine na ndala, wengine na katambuga.

MZEE WA KATAMBUGA: Ndala hapana. Peku pia hapana. Juu ya bamba mimi napiga soli ya tairi, vipande viwili kama bamba lenyewe, mshiko utoke hapo. Mikanda mipana, ya tabaka mbili, ya fundo na ya kifundo cha mguu, yenye matundu na bizimu kama ya mkanda wa suruali. Kisigino nakichongea kikombe kirefu. Raba inaingia, kiatu cha shule kinaingia, katambuga ya mtoto inaingia. Chuma hakimshiki mtu, mpira ndio unaomshika.

TABIBU: Na soksi kwa kila mmoja, kwa sababu fangasi za miguu hazijui zamu. Na kofia ngumu. Hata ya bodaboda.

Imebaki sakafu. Hapa sitawapa wazungumzaji nafasi ndefu, maana wote walikubaliana kwa haraka. Lami kubwa ya Igunga ni barabara ya malori yanayoteremka mlima Sekenke kuelekea Nzega na kuendelea hadi Rwanda, Burundi na Kongo. Mtoto mwenye magurudumu asiikaribie hata siku ya mgomo wa madereva. Pembeni ya lami ni kokoto, na baada ya kokoto ni mbuga. Kinachobaki ni saruji: baraza za madarasa, sakafu ya ukumbi, ghala la pamba msimu ukishapita na marobota yakishaondoka. Ghala ndilo linalofaa kuliko vyote, lina paa, lina ukuta, na kwa miezi mingi halina kazi. Wenye maghala watasema sakafu itaharibika. Sakafu iliyovumilia marobota ya pamba haitakufa kwa magurudumu ya watoto.

MZEE WA KATAMBUGA: Mwenyekiti, umesema una upande. Upande wako ni upi?

Upande wangu ni huu. Viatu vya magurudumu vinavyorekebishika kwa ajili ya mtoto mmoja anayekua havina maana Igunga. Mtoto atavichoka kabla ya kufika tundu la tatu, na fedha hiyo ingemnunulia kiatu cha shule. Hapo mzee ameshinda, na Mama naye ameshinda kwa gazeti lake. Lakini viatu vinavyorekebishika kwa ajili ya zamu, vya shule au vya kukodisha, vina maana kamili, na vinaweza kutengenezwa hapahapa kwa paipu ya mchomeleaji na tairi ya mzee. Masharti ni mawili tu ambayo sitayalegeza: mguu upangwe kwa fundo na wala si kwa kidole, na kurekebisha kusihitaji spana.

SIDO, shirika la viwanda vidogo, limekuwapo tangu mwaka 1973 kwa ajili ya mafundi wa aina hii, na lina ofisi mkoani Tabora. Mchomeleaji na mzee waende wote wawili, siyo kijana peke yake na michoro yake, kwa sababu nusu ya ubunifu huu iko mikononi mwa mzee na haijaandikwa popote. Waombe jambo dogo: mashine ya kukereza kwa siku chache, na magurudumu ya jozi moja. Waanze na jozi hiyo moja, waipeleke kwenye sakafu ya saruji, waipitishe kwa watoto wa namba 30, 34 na 38 siku hiyohiyo, na tabibu awepo. Bamba likipinda, warudi kwenye paipu nene zaidi. Lisipopinda, mwalimu anadai jozi sita.